Mwalimu wa Hesabu Anajibu: Kopo, Bati, Tangi, Sado na Pipa

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu umbo moja, yaani silinda, au mcheduara kama wengine wanavyoandika. Nimeziweka pamoja kwa sababu nimeona jambo linalojirudia: waliouliza karibu wote wanazijua kanuni kwa kichwa, lakini wanakwama kwa kuwa hawakujiuliza mapema kama wanatafuta kinachoingia ndani ya chombo au kinachokifunika chombo chenyewe, na kama chombo hicho kina kitako, mfuniko, vyote viwili au hakina hata kimoja.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la saba. Alipewa swali la kutafuta eneo la uso wa kopo lenye umbo la silinda, nusu kipenyo sentimita 7 na kimo sentimita 10. Yeye alipata 748, rafiki yake akapata 440, na dada yake aliye kidato cha pili akasema jibu ni 594. Wote wametumia 22/7, nami nimekagua kwa kikokotoo, sikuona palipokosewa. Nani yuko sahihi?*
Mama wa mwanafunzi, Kiborloni, Moshi

Marahaba, mama. Watoto wote watatu wamekokotoa vizuri, ila kila mmoja amejibu swali lake.

Chukua kopo la nyanya lenye karatasi ya nembo, uikate karatasi hiyo kwa mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, kisha uibandue na kuilaza mezani. Utakuwa na mstatili. Upana wa mstatili huo ni kimo cha kopo, na urefu wake ni mzingo wa duara la kopo, kwa maana karatasi ilikuwa imelizunguka kopo mara moja kamili. Mzingo ni 2 × 22/7 × 7, sawa na sentimita 44. Ukizidisha kwa kimo cha sentimita 10 unapata sentimita za mraba 440, na hilo ni eneo la ubavu peke yake. Rafiki wa mwanao amelipatia kopo ubavu bila kitako wala mfuniko, kwa hiyo alichopima ni kipande cha bomba.

Sasa tuje kwenye duara la chini. Eneo lake ni 22/7 × 7 × 7, yaani sentimita za mraba 154. Ukiongeza duara moja juu ya ubavu unapata 594, ambalo ni jibu la dada, na linafaa kwa kikombe, ndoo isiyo na mfuniko, au kopo lililokwisha kufunguliwa. Ukiongeza maduara mawili unapata 748, ambalo ni eneo la kopo lililofungwa pande zote.

Mwalimu anapoandika "eneo la uso wa silinda" bila maelezo mengine, kwa kawaida anataka silinda nzima iliyofungwa, na hapo mwanao ndiye mwenye alama. Lakini swali likisema "lililo wazi juu", au likitaja bomba, jibu hubadilika, na mtoto aliyekariri kanuni moja hataliona badiliko hilo. Ndiyo maana mimi si shabiki wa kuwafundisha watoto mapema ile njia ya mkato ya kujumlisha nusu kipenyo na kimo kisha kuzidisha kwa mzingo. Ni kweli kwamba 7 na 10 ni 17, na 44 × 17 ni 748, tena ni njia ya haraka na nzuri. Ubaya wake ni kwamba ndani yake maduara yote mawili yamekwisha kuyeyuka, na mtoto akiambiwa atoe mfuniko hajui pa kuutoa. Afadhali kwanza aandike vipande vitatu, kila kimoja kwenye mstari wake, ndipo avijumlishe.

Na ukiwa hapo, mwombe atafute pia ujazo wa kopo hilo hilo: 154 × 10, sawa na sentimita za ujazo 1,540, yaani lita 1 na nusu hivi. Angalia ameandika nini baada ya namba. Wanaoandika "sentimita za mraba" kwenye ujazo ni wengi mno, na wasahihishaji hawana huruma na kosa hilo, wala sidhani wanapaswa kuwa nayo.

*Mwalimu, mimi ni fundi bati hapa Unga Limited. Mteja ameleta bati bapa moja la futi nane kwa nne, sawa na sentimita 244 kwa 122, anataka nimkunjie pipa la kuhifadhia nafaka. Mwenzangu anasema nilikunje kwa upande wowote, kwamba ujazo ni ule ule kwa kuwa bati ni lile lile. Ni kweli? Halafu, kuna njia ya kupata lita bila kutafuta nusu kipenyo? Katikati ya pipa haionekani.*
Fundi bati, Arusha

Fundi, nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo litakalojibu la kwanza. Chukua tepu inayojikunja, zungusha kwenye pipa upate mzingo, kisha zidisha mzingo kwa mzingo, ukishapata zidisha kwa kimo, halafu gawanya kwa 12.57. Vipimo vikiwa vya sentimita, jibu litakuwa sentimita za ujazo, na ukiligawanya kwa 1,000 una lita. Hiyo 12.57 ni pai (yaani 3.14 hivi) mara nne. Inatokea pale kwa sababu nusu kipenyo ni mzingo uliogawanywa kwa pai mara mbili, na katika kutafuta eneo la duara nusu kipenyo hicho huzidishwa kwa chenyewe, kisha kwa pai. Kwa mtu wa karakana, njia hii ni ya kuaminika kuliko kukisia katikati ya duara kwa jicho.

Sasa tulijaribu bati la mteja wako. Ukilikunja ili upande wa sentimita 244 uwe mzingo, kimo kitakuwa 122. Zidisha 244 kwa 244 upate 59,536, zidisha kwa 122, gawanya kwa 12.57, na utapata lita 578 hivi. Ukiligeuza ili mzingo uwe 122 na kimo kiwe 244, hesabu ile ile inakupa lita 289. Ni nusu kamili. Bati ni lile lile na eneo la ubavu halikupungua hata sentimita moja, lakini mteja amepoteza nusu ya nafaka yake. Mwenzako amesahau kwamba mzingo unaingia katika hesabu ya ujazo mara mbili, na kimo kinaingia mara moja tu. Ukipunguza mzingo kwa nusu, umeupunguza ujazo mara nne. Kimo kikiongezeka mara mbili, kinarudisha mara mbili pekee.

Uzito wa upande wa pili wa mizani ni kitako na mfuniko, ambavyo haviko katika bati lile. Pipa pana lina kipenyo cha sentimita 78 hivi, na pipa refu lina sentimita 39, kwa hiyo kila duara la pipa pana linakula bati mara nne ya duara la pipa refu. Hata hivyo, ukijumlisha ubavu na maduara yote mawili, pipa pana linatumia sentimita za mraba 68 hivi kwa kila lita moja, na pipa refu linatumia 111. Pana ndilo lenye faida, achilia mbali kwamba pipa la mita mbili na nusu litamlazimu mama wa nyumba kutafuta ngazi ili kuchota mahindi.

Usisahau mshono. Ukikunja sentimita 2 kwa ajili ya kuunganisha, mzingo unabaki 242, na ujazo unashuka hadi lita 568 hivi. Mwambie mteja lita hizo 568. Na unapokata maduara, ongeza ukingo wa kukunjia nje ya kipenyo, ambacho kwa mzingo huo wa 242 ni 77, la sivyo kitako kitadondokea ndani.

*Mwalimu, naishi Marangu na nimejengewa tangi la zege la mviringo la kukinga maji ya mvua. Fundi alipima kipenyo kwa nje akapata mita 2.2, na kimo cha ndani mita 2, akaniambia litachukua lita 7,600. Kuta zina unene wa sentimita 10. Plasta ya ndani bado. Nataka kujua lita za kweli, na eneo la kupiga plasta ni kiasi gani.*
Msomaji, Marangu

Ndugu yangu, hesabu ya fundi wako haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni kupima mahali pasipokaa maji. Maji yanakaa ndani ya ukuta. Ondoa sentimita 10 kila upande na kipenyo cha ndani kinakuwa mita 2, hivyo nusu kipenyo ni mita 1. Kitako ni 3.14 × 1 × 1, sawa na mita za mraba 3.14, na ukizidisha kwa kimo cha mita 2 unapata mita za ujazo 6.28. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo ni lita 6,280. Lita 1,300 na zaidi zilizobaki katika ile 7,600 ni zege.

Kwa plasta unahitaji eneo la ndani, na tangi lako lina ubavu na sakafu. Mzingo wa ndani ni 2 × 3.14 × 1, sawa na mita 6.28, na ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 12.56. Ongeza sakafu ya 3.14, jumla ni 15.7. Zidisha eneo hilo kwa unene wa plasta. Ikiwa ni sentimita 2, yaani mita 0.02, utahitaji mchanganyiko wa mita za ujazo 0.31 hivi ukiwa umekwisha kubandikwa, na fundi aongeze cha kudondoka.

Hapa kuna jambo ambalo napenda ulione kwa makini. Plasta ikishakauka, nusu kipenyo chako hakiko tena mita 1 bali mita 0.98, na kimo ni 1.98. Kokotoa upya na utapata mita za ujazo 5.97, yaani pungufu ya lita 310 hivi, ambazo ndizo zile zile 0.31 ulizochanganya nje. Plasta imechukua nafasi ya maji, lita kwa lita.

Bado kuna bomba la kutolea maji yanayozidi. Likiwa sentimita 15 chini ya ukingo, maji hayatapita hapo, na kimo cha maji ni mita 1.83. Sasa tunazungumzia lita 5,520 hivi. Hiyo ndiyo namba ya kupangia matumizi ya familia, nayo iko mbali na 7,600 kwa zaidi ya robo.

Kuhusu kulijaza, milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kama paa lako linafunika mita za mraba 60 za ardhi (pima ardhi inayofunikwa, usipime bati lilivyolala kwa mteremko), kila milimita inaleta lita 60, na milimita 92 zingetosha kulijaza kama hakuna tone linalopotea. Matone hupotea, hasa mfereji wa paa ukiwa umejaa majani, lakini kwa mvua za masika za mlimani huko sioni tangi lako likikaa tupu.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha kwanza. Darasani tunatumia 22/7, lakini kikokotoo cha kaka kinaonyesha 3.141592654. Kama 22/7 si pai yenyewe, majibu yetu yote si ya uongo?*
Mwanafunzi, Arusha

Marahaba, mwanangu. 22/7 ni 3.142857 na kuendelea, kwa hiyo imezidi pai kidogo sana. Archimedes wa Syracuse, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia poligoni zenye pande 96 kuonyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 na moja ya saba, na ni kubwa kuliko 3 na kumi ya sabini na moja. Ile 3 na moja ya saba ndiyo 22/7 yako.

Waafrika wenzetu wa Misri walikuwa na njia yao zamani kuliko hapo. Katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa British Museum, London, kuna swali la ghala la nafaka la mviringo lenye kipenyo 9 na kimo 10. Aliondoa moja ya tisa ya kipenyo, akabaki na 8, akazidisha 8 kwa 8 akapata 64, kisha kwa 10 akapata 640. Kikokotoo cha kaka yako kitatoa 636 na kitu. Kwa ghala la mahindi, sina neno la kumlaumu.

Lirudie tangi la Marangu kabla halijapigwa plasta. Kwa 3.14 tulipata lita 6,280. Kwa 22/7 ni 6,286. Kwa pai ya kikokotoo ni 6,283. Tofauti ni lita tatu tatu. Lakini tepu ikilegea kwa sentimita 1 tu kwenye kipenyo, ikasoma mita 2.01 badala ya 2, unaongeza lita 63 zisizokuwepo. Kwa hiyo angalia tepu kwanza. Katika mtihani tumia unayoelekezwa. Usipoelekezwa, chukua 22/7 vipimo vinapogawanyika kwa 7, na 3.14 vinapokuwa vya desimali.

*Mwalimu, nanunua maharage kwa sado Soko la Kilombero. Sado ya muuzaji mmoja ina kipenyo cha sentimita 17 na kimo 18. Ya mwingine kwa nje ni sawa kabisa, ila kitako kimegongwa kikaingia ndani sentimita 2. Wa tatu ana kopo la kimo hicho hicho lakini kipenyo ni 16. Nani ananipunja zaidi?*
Mama lishe, Arusha

Dada yangu, sado ya kwanza ina kitako cha sentimita za mraba 227, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,086, yaani lita 4 na kidogo, kama inavyotakiwa. Ya pili, ikiwa kitako chote kimepanda sentimita 2, imepoteza 454, sawa na asilimia 11. Kopo la tatu lina kitako cha 201 tu, na ujazo wake ni 3,618, kwa hiyo limepungua asilimia 11 na nusu hivi. Huyu wa tatu ndiye anayekupunja zaidi kwa unywele, na ndiye mgumu kumgundua, kwa sababu mkono ukipapasa ndani unakigundua kitako kilichogongwa, lakini jicho halioni sentimita moja ya upana.

Kama kitako kimegongwa katikati tu, pembeni kikabaki chini, hasara ni karibu nusu ya hiyo. Na usidharau kilele. Maharage yaliyorundikwa juu ya sado huwa na umbo la pia, yaani koni, na ujazo wa pia ni theluthi ya silinda yenye kitako na kimo hicho hicho. Kilele cha sentimita 5 juu ya kipenyo cha 17 kinakuongezea sentimita za ujazo 378 hivi. Mwenye sado iliyogongwa akikujazia kilele cha namna hiyo na mwenye sado nzima akakupigia ubao juu, mwende kwenye mizani kabla ya kugombana.

*Mwalimu, naweka dizeli ya trekta kwenye pipa la lita 208 nililolilaza juu ya magogo. Nachovya ufito kupima. Ufito ukilowa robo ya kipenyo, je, nina lita 52?*
Mkulima, nje kidogo ya Moshi

Huna. Pipa lililosimama hukubali hesabu hiyo, kwa kuwa upana wake haubadiliki kutoka chini hadi juu. Lililolala ni jembamba chini, pana katikati, na jembamba tena juu. Dizeli ikifika robo ya kipenyo, ujazo ni asilimia 19.6 tu, yaani lita 41 hivi. Ikifika nusu, ni nusu kweli, lita 104. Ikifika robo tatu, ni asilimia 80.4, karibu lita 167. Maana yake ni kwamba ukipanga kazi ya shamba kwa robo ya ufito, trekta litazima lita 11 kabla ya pale ulipotegemea.

Hesabu ya vipimo vilivyo katikati inahitaji pembe, na sioni sababu ya kukutwika mzigo huo. Siku pipa likiwa tupu, mimina dizeli kwa ndoo ya lita 20 iliyohakikiwa, na baada ya kila ndoo chovya ufito na ukate alama kwa kisu. Utaona alama za chini na za juu zimeachana, na za katikati zimekaribiana. Ufito huo utafaa kwa pipa hilo na mengine ya kipenyo na urefu huo huo, mradi yamelala sawasawa; gogo la upande mmoja likizama kwenye udongo, dizeli itakusanyika upande huo na alama zote zitakudanganya.